Pistoni zenye kotingi kwa Forester ya turbo, zitahimili vumbi la huku Dodoma?

Kisasa_XT:
Mbukwenyi wakuu, naombeni mawazo kabla sijatuma hela Dar. Nina Forester ya turbo, injini EJ20, ilianza kula oili na kutoa moshi wa bluu, tumeishusha tumefungua tukakuta sketi za pistoni (kuta zake za chini) zimechunika, ile rangi nyeusi upande mmoja imeisha kabisa imebaki aluminiamu tupu ya kijivu, na ringi ya juu imekonda hata kwa macho unaona. Sasa kuna duka Kariakoo wana pistoni za foji (za kufuliwa, siyo za kumimina) zimepakwa moli (kotingi nyeusi ya kulainisha) pembeni na seramiki juu, bei imechangamka kweli kweli. Hapa mjini nako kuna fundi anasema nisihangaike, atanipakia kotingi kwenye hizi hizi za zamani nitie ringi mpya niendelee na safari. Gari natembea nalo sana barabara ya Singida na wikiendi naingia shamba huko ndani Mpwapwa, vumbi tupu. Hizi kotingi kweli zinaongeza maisha ya pistoni au ni biashara tu?

jz_wa_Nkuhungu:
Chukua foji kaka usijiulize mara mbili. Mark II yangu ya injini 1JZ nimefunga foji zenye moli na busti (presha ya hewa ya turbo) nimepandisha, napandisha nayo kutoka Gairo na mzigo wala haisumbui. Ila jua asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zitagonga kidogo injini ikiwa ya baridi, ikipata moto kelele inaisha.

Mama_Gereji:
Mdogo wangu Kisasa, jibu liko kwenye hiyo ringi. Ringi kukonda na sketi kuwa ya kijivu isiyong'aa, hilo ni vumbi. Ingekuwa oili imekosekana ungeona michirizi inayong'aa imekwaruza juu chini, na ingekuwa nokingi (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda) ungekuta kingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili imemeguka, au kichwa cha pistoni kimedonolewa vitundu pembeni. Mchanga wetu umetokana na haya mawe ya granaiti unayoyaona kila mlima wa huku, umejaa zile chembe nyeupe ngumu zinazokwaruza hata kioo, sasa moli itafanya nini hapo? Hata ufunge pistoni za gari la mashindano, hewa chafu ikiendelea kuingia utarudi kufungua tena.

Nenda leo kachomoe mpira wa hewa unaotoka eya klina kwenda turbo, pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi basi umempata mwizi. Angalia na mapanga ya turbo upande wa hewa, kama ncha zimelika basi vumbi limepita jingi.

Kotingi zenyewe ni kitu cha maana lakini kila moja ina kazi yake. Ile nyeusi ya pembeni ni moli na grafaiti kwenye gundi maalumu, unene wake mikroni 10 mpaka 20 hivi (mikroni elfu ndiyo milimita moja), inasaidia pale oili haijafika vizuri, gari likiwashwa baridi, na inapunguza kelele. Ile seramiki ya juu inazuia joto la moto lisizame kwenye pistoni, inamfaa mwenye busti kubwa anayekanyaga muda mrefu. Ila haitibu nokingi wala mchanganyiko wenye petroli kidogo, tyuni ikiwa mbovu pistoni itatoboka tu, aluminiamu safi inayeyuka kwenye nyuzi 660 na aloi za pistoni zinaanza kulainika kabla ya hapo.

Huyo anayetaka kupaka za zamani mkatalie kwa heshima. Sketi ikishalika umbo lake limepotea, na mifereji ya ringi nayo imepanuka, rangi hairudishi chuma. Halafu nyingi ya hizo kotingi zinataka pistoni isafishwe, ipigwe mchanga laini na iokwe kwenye oveni, ukipaka kienyeji zinabanduka vipande vinashuka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) vinaziba chujio la pampu ya oili, hapo unapoteza na beringi.

Kisasa_XT:
Dada asante sana, nimetoka gereji sasa hivi. Mpira una ufa chini kabisa, pale klipu inapobana, ukiwa umefungwa huuoni mpaka uukunje. Ndani vumbi jekundu limegandana na oili kama ugoro. Basi mpira mpya unakuja kwanza. Sasa nikiboa bloku (kupanua silinda), nichukue foji au za kawaida zenye moli? Busti sina mpango wa kuipandisha.

LethKizota:
Kama busti ni ya kiwandani chukua za kawaida mpya zenye moli, hela ya foji weka kwenye kazi ya bloku. Ukiamua foji uliza aloi gani: 4032 ina silikoni kama asilimia 12, haitanuki sana, inabana vizuri na kelele yake ndogo. 2618 karibu haina silikoni, inavumilia kipigo zaidi lakini inatanuka sana, lazima uiachie nafasi kubwa, ndiyo hiyo inayogonga asubuhi kwa mkuu wa Nkuhungu hapo juu.

Kitu ambacho naomba sana, pistoni zifike mezani kwangu kabla sijagusa bloku. Kuboa kwa kukisia "ova saizi" (saizi kubwa kuliko ya kiwandani) bila pistoni ni kuharibu. Napima kila moja kwa maikromita, kwenye urefu ule uliochorwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi na siyo popote, na karatasi hiyo isome vizuri kama wanataka upime juu ya kotingi au chuma chenyewe. Kotingi ya mikroni 15 kila upande ni milimita 0.03 kwenye kipenyo, kwenye silinda ya 92 hiyo ni nafasi kubwa, fundi akikosea hapo kotingi ikilika kidogo tu injini inaanza kugonga. Na EJ inaboliwa ikiwa imefungiwa bamba nene la chuma mahali pa hedi, bolti zikiwa zimekazwa kwa kipimo, vinginevyo ukija kufunga hedi silinda inajikunja inatoka kwenye duara. Fundi asiye na hilo bamba mwambie asiguse.

Mama_Gereji:
Na ukitoka Mpwapwa usiipige filta ya karatasi kwa kompresa, inatoboka vitundu usivyoviona. Kung'uta taratibu, ikiwa nyeusi badilisha.