Nimeandikia imeli YANGU mwenyewe nikajibiwa "samahani, tunafahamiana?" Yule jamaa wa aiti Mungu anamuona

Wakuu vidole vinatetemeka hapa, nikikosea herufi mnivumilie.

Mnamjua yule jamaa wa aiti. Simtaji, kila ofisi anaye, yule anayevaa kadi ya mlango shingoni hadi chooni, ukimwambia mashine imeganda anakuuliza "umezima ukawasha?" hata hujafika kwenye nukta. Huyo huyo. Mimi nimeacha kazi pale kwa amani, nimeagwa, picha zimepigwa, nikamuomba kitu kimoja tu tena kwa adabu, kaka ile imeli yangu usiifunge haraka kuna vitu vyangu mle. Akasema "usijali dada, nitaiangalia."

Kaiangalia kweli. Kampa mtu mwingine!

Kaajiriwa dada mgeni ana jina kama langu, la kwanza na la ukoo, sijui walimtafuta kwa tochi, na badala ya kumwekea hata ka-2 kule mwishoni yule bwana kamkabidhi anwani yangu nzima nzima kama kiti kilichobaki wazi. Sasa benki wananiandikia mimi anasoma yeye. Nikibonyeza "nimesahau paswedi" zile namba sita zinaenda kwake. Majibu ya vipimo vyangu kayajua kabla yangu, kama nina malaria ataniambia yeye. Leo asubuhi nikasema ngoja nihakikishe, labda naonea watu, nikaandika "jaribio jaribio" nikatuma kwenda imeli YANGU. Haikupita hata dakika:

"Samahani, tunafahamiana?"

Tunafahamiana!! Na chini kasaini jina langu. Jina langu limeniuliza mimi kama tunafahamiana. Nikampigia yule jamaa, unajua kanijibu nini? "Dada ile ni mali ya kampuni." Mali ya kampuni jina nililopewa na babu yangu? Babu naye alikuwa ameajiriwa pale?

Tunafahamiana. Yaani dah.

Kobe Mwenye Haraka: Uzi tayari. Nimekaa paleee.

Fundi Mitambo: Pole dada, ila imeli ya kazini unasajilia benki ili iweje? Kilicho baada ya @ ni cha mwajiri, anaifungua, anaifunga, anaisoma, anampa amtakaye. Gmail, Outlook, Yahoo zote bure, ulikosa nini huko?

Mwenye uzi: Fundi umeisoma mada au umerukia tu? Nimesema NIMEJIBIWA "TUNAFAHAMIANA"

Pilipili Shamba: Na wewe ukamjibuje hahahaha

Mwenye uzi: Sijamjibu. Nimwambie nini, "mimi ni wewe"?

Pilipili Shamba: Nimecheka mpaka bosi kageuka

Bundi Mstaafu: Angalau kauliza kistaarabu. Mwingine angekutupa kwenye spamu ukaozea huko na jina lako zuri.

Sisimizi: Nyie mnalia na aiti, mimi mwenzenu laini ya simu. Niliiacha bila kuitumia, kampuni ikaiuza upya, na ndiyo namba niliyoweka ya kurudishia paswedi ya imeli. Nikampigia mwenye nayo sasa, nikamuomba kwa unyenyekevu wote anisomee zile namba, akaniambia kumbe ni wewe, acha kubonyeza usiku, unaniamsha.

Kobe Mwenye Haraka: Hahaha huyo yuko sahihi kabisa

Fundi Mitambo: Na hizo za bure nazo msizilaze. Google tangu Desemba 2023 akaunti binafsi isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa na kila kilichomo, picha, barua, vyote. Yahoo ndiyo usiseme, 2013 walitangaza anwani zilizolala zaidi ya mwaka zinagawiwa upya kwa wengine. Anayetaka yake kweli anunue domeni, yaani jina lake mwenyewe la kukaa baada ya @, alipie kila mwaka, hapo hata ukihama kampuni ya imeli anwani unaondoka nayo.

Mwenye uzi: Kwa hiyo kugawa imeli za watu ni fani kabisa?? Kumbe yule jamaa kasomea!

Sisimizi: Domeni nilinunua nikasahau kulipia. Sasa hivi ukiifungua inauza dawa za nguvu za kiume, kwa jina la ukoo wetu. Shangazi hanisalimii.

Bundi Mstaafu: Bei gani hizo dawa

Sisimizi: Mkuu.

Binti Karani: Tuacheni hayo, nisaidieni mimi. Kuna mtu anatumia Gmail yangu, yeye kaweka nukta katikati ya majina mimi sina nukta, mambo yake yote yanakuja kwangu. Ratiba ya shule ya mwanae, tiketi za ndege, juzi risiti ya viatu. Nimechoka kumlea.

Fundi Mitambo: Haiwezekani. Gmail haisomi nukta, ukiweka usiweke ni sanduku moja na ni lako. Hata ukiweka nukta baada ya kila herufi ni lako. Huyo hana hiyo anwani, anakosea tu kuandika ya kwake, na tovuti nyingi zinapokea chochote bila kuhakiki.

Bundi Mstaafu: Uongo. Ofisini kwetu wapo wawili wametofautiana nukta tu na kila mtu anapata zake.

Fundi Mitambo: Hiyo ni ya ofisi mzee. Hili la nukta ni kwa zinazoishia na gmail.com, za ofisi nukta inahesabika.

Bundi Mstaafu: Kwa hiyo inahesabika au haihesabiki? Jibu moja.

Fundi Mitambo: Soma tena taratibu.

Bundi Mstaafu: Nimesoma kabla hujazaliwa.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mada. Yule dada kaniandikia TENA. Anasema yule jamaa wa aiti kamwambia aniulize mimi paswedi ya printa. MIMI. Kwa hiyo sasa ananifahamu?? Asubuhi tulikuwa hatufahamiani!

Kobe Mwenye Haraka: Mpe tu, kazi ziende

Binti Karani: Fundi usikimbie. Huyu wangu nikimtafuta nimrudishie barua zake nitakuwa nimeingilia faragha yake? Namba yake ya simu ipo kwenye hiyo tiketi.

Fundi Mitambo: Mjulishe tu kistaarabu, ila usibonyeze kitu chake chochote humo, wala usijaribu kufuta akaunti alizosajili.

Binti Karani: Nimeshabonyeza. Nilitaka kuona viatu.

Pilipili Shamba: Saizi ngapi?

Binti Karani: 42, vya kamba, wameandika vinafika kesho kutwa

Bundi Mstaafu: 42 ndiyo yangu mimi

Pilipili Shamba: Mzee subiri, nimeuliza mimi kwanza. Karani, rangi?