Baraza la sanaa linatuita kucheza dakika nne, kisha mwaka mzima halitujui

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mmoja wa viongozi wa kikundi cha isukuti, ngoma ya jadi ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, hapa Kangemi, Nairobi, na ninaufungua uzi huu nikiwa na hasira niliyoibeba tangu Oktoba. Baraza la sanaa ninalolilalamikia sitalitaja jina, kwa kuwa katika kikundi chetu wamo wazee ambao bado wanatumaini kulipwa, na sitaki neno langu liwe kisingizio cha kuwanyima.

Siku tatu kabla ya Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, tulipigiwa simu, tukaambiwa tufike uwanjani saa kumi na moja alfajiri ili tukaguliwe na maafisa wa usalama. Tulikwenda watu kumi na sita. Mzee wetu wa ngoma kubwa ni bawabu wa usiku kule Westlands. Alitoka lindoni moja kwa moja bila kulaza ubavu, akaja na ngoma begani. Tulikaa kwenye nyasi zenye umande hadi saa saba mchana, kila mtu akiwa amepewa chupa moja ya maji na skonzi moja. Tulipoitwa hatimaye, tulicheza dakika nne, kisha kijana mmoja wa itifaki akatupungia mkono tutoke kwa sababu msafara wa mheshimiwa ulikuwa umeingia. Wakati huo mwimbaji wetu kiongozi ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuyataja majina ya mashujaa wa kwao Isukha, majina aliyokuwa ameyapanga kwa wiki nzima. Ilikuwa Sikukuu ya Mashujaa, na mashujaa wenyewe hawakutajwa.

Tuliahidiwa shilingi 40,000 ndani ya siku thelathini. Leo ni Julai, na hatujapokea hata senti.

Hata hivyo, deni hilo silo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni hotuba niliyoisikia siku hiyohiyo, ambapo afisa wa baraza alisimama akajivunia kwamba ngoma ya isukuti inatambuliwa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, kana kwamba tumetunukiwa nishani. Ni kweli kwamba isukuti ya Waisukha na Waidakho iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014, lakini iliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Sababu zilielezwa waziwazi: wajuzi wengi wamezeeka na hawana warithi, fedha na vifaa vya kutengenezea ala na mavazi havipatikani, na hadhira inavutwa na burudani za kisasa. Huo ni mwito wa kuomba msaada. Mtu anayeusoma kwa watu akiupigia makofi, ilhali yeye ndiye aliyepewa bajeti ya kusaidia, ama hakuusoma au hajali, na sijui lipi kati ya hayo ni baya zaidi.

Nieleze jinsi ngoma hii inavyoishi, kwa sababu nadhani baraza halijui. Ngoma za isukuti hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Kijana hajifunzi kuipiga ile kubwa kwa warsha ya siku mbili. Huanza na ndogo, akashika mwendo usiobadilika kwa miezi, mpaka sikio lake liweze kuisikia ile ya kati ikiongea juu yake bila yeye kupotea. Katika baridi hii ya Julai ngozi hulegea na sauti hufa, kwa hiyo kila Jumapili mzee huwasha karatasi na vipande vya mbao nje ya ukumbi, akaigeuzageuza ngoma mbele ya moto huku akiigonga kwa kidole na kusikiliza, na vijana watatu tulio nao humzunguka kujifunza ni wakati gani ngozi imekaza vya kutosha. Hapo ndipo utamaduni unaporithishwa. Zile dakika nne za uwanjani ni matunda ya miaka ya Jumapili kama hizo, na baraza halijawahi kulipia hata Jumapili moja.

Ukumbi wenyewe ni wa umma, lakini tunatozwa shilingi 500 kwa saa. Nilipoliandikia baraza kuomba tupunguziwe, nilijibiwa kwa mdomo kwamba kumbi ni idara nyingine.

Mwezi Machi walitangaza ruzuku ya kusaidia vikundi vya kitamaduni, tukafurahi. Tangazo lilitoka likiwa limebakiza siku tisa tu, na fomu yote ilikuwa ya Kiingereza. Ilidai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, cheti cha kodi, na idadi ya wafuasi wetu mitandaoni. Haikuuliza popote kikundi kina wazee wangapi wenye ujuzi, kinafundisha vijana wangapi, wala ngoma zetu ziko katika hali gani. Mkaguzi wa hesabu tuliyemwendea alitutajia bei inayozidi mapato yetu ya mwaka mzima. Siko hapa kupinga uwajibikaji, kwani fedha za umma lazima zilindwe; lakini kikundi kinachochangishana mia mia za ukumbi hakiwezi kupewa masharti sawa na kampuni ya matangazo, halafu tuambiwe tulishindwa kwa haki.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inaitaka Serikali ikuze aina zote za kujieleza kwa kitamaduni, zikiwemo sanaa na sherehe za jadi. Kwa msingi huo, tarehe 2 Mei nilipeleka barua kwa mkono nikiomba orodha ya vikundi vilivyopata ruzuku na kiasi kilichotumika kwa warsha za hotelini. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Nakala yangu ina muhuri wao wa kupokea, na jibu halijaja.

Tunachodai si kikubwa. Tulipwe tulichofanyia kazi. Ukumbi uwe wa bure kwa vikundi vinavyofundisha vijana, hata kama ni asubuhi mbili tu kwa wiki. Fomu iwe na Kiswahili, na afisa aje Kangemi Jumapili moja aone kazi kwa macho yake badala ya kuipima kwa karatasi za mkaguzi. Na wazee wanaofundisha walipwe posho ya kufundisha, kama wanavyolipwa wanaozungumza kwenye warsha kuhusu kazi ya wazee haohao.

Mwaliko wa Oktoba hii ukija, hatutakwenda mpaka zile 40,000 ziwe zimeingia katika akaunti ya kikundi. Wanachama wote kumi na sita wamekubaliana, mzee akiwa wa kwanza kuinua mkono. Vikundi vingine vilivyocheza siku ile na havijalipwa, naomba muandike hapa kiasi mnachodai na tarehe mliyoahidiwa, ili barua ya pili tuipeleke tukiwa pamoja.