Tupeane uzoefu: Ukitilia shaka jibu la daktari wa mifugo, unahoji vipi?

Wakuu, habari. Wenye mbwa na paka wengi hutajiwa ugonjwa, wakabeba dawa, mashaka yakawaanza wakiwa nyumbani. Tuelekezane: unahoji vipi bila kumvunjia daktari heshima, na bila kumchelewesha mnyama? Naomba mambo yanayofanyika, siyo lawama.

#2
Anza hivi: "Daktari, hili limeonekana kwenye kipimo, au ni kwa ulivyomkagua?" Yote mawili ni halali ila hayalingani uzito. Kisha uliza ni ugonjwa gani mwingine huleta dalili hizo hizo, na kipimo gani kinautenganisha na huu. Daktari makini hachukizwi na maswali hayo.

Omba nakala: majibu ya maabara pamoja na viwango vyake vya kawaida, faili halisi za eksirei (picha uliyoipiga kwenye skrini kwa simu hupoteza mengi), na dawa zote alizopewa, kwa jina, dozi na saa. Usimfiche daktari wa pili jibu la yule wa kwanza. Na usiache dawa kwa sababu ya mashaka tu. Steroidi (dawa ya kushusha uvimbe na kinga ya mwili) iliyotumika wiki kadhaa haikatizwi ghafla.

#3
Saa aliyoitaja #2 ndiyo penye kiini. Steroidi ikitangulia sampuli ya tezi lililovimba, saratani ya limfu inaweza kunywea na isionekane. Antibiotiki ikitangulia, mkojo ukipimwa maabara unaweza usioteshe bakteria hata kama walikuwepo.

Figo ndizo husingiziwa sana. Kreatinini (taka ya damu ambayo figo huichuja) kuwa juu peke yake haitoshi, maana mnyama aliyetapika mpaka akakaukiwa maji huipandisha pia. Isomwe pamoja na kipimo cha ukolezi (uzito ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000) wa mkojo uliochukuliwa kabla ya dripu, kwa sababu dripu huuzimua. Mkojo wa paka ukizidi 1.035, au wa mbwa 1.030, figo bado zinakoleza vizuri. Ukiwa 1.008 hadi 1.012 wakati mwili umekauka na kreatinini imepanda, hapo figo zenyewe zinahusika. Kwa hiyo uliza: "Mkojo ulipimwa? Kabla au baada ya dripu?"

#4
Kwa paka kuna mitego miwili. Hofu ya kushikwa tu hupandisha sukari, kwa hiyo kipimo kimoja cha damu si kisukari. Omba fruktosamini, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa wiki kadhaa kabla. Pili, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) za paka hugandana kwenye chupa, mashine ikazihesabu pungufu. Tone la damu lipakwe kwenye slaidi (kioo chembamba), lisomwe kwa darubini.

Kwa mnyama yeyote: potasiamu ikiwa juu mno na kalsiamu chini mno kwa pamoja, naye anatembea na kula, shuku kwamba damu ilichanganyika na dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Ile dawa ina potasiamu na hunasa kalsiamu. Damu itolewe upya kabla ya kuanza matibabu yoyote.

#5
Na uvimbe chini ya ngozi ambao daktari ameubonyeza akasema ni mafuta?

#6
@5 kidole hakitoshi. Saratani ya seli za masti (aina ya seli za kinga) inaweza kuwa laini na kuteleza vile vile kama mafuta. Uchomwe sindano nyembamba, kilichotoka kipakwe kwenye slaidi na kutiwa rangi. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki.

#7
Ushahidi wa nyumbani unasaidia sana. Hesabu pumzi akiwa usingizini: kifua kupanda na kushuka ni moja. Hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Usihesabu akihema kwa joto, wala paka akinguruma kwa raha. Ikizidi 30 kwa dakika, ukarudia ukapata hivyo hivyo, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Moyo na mapafu vichunguzwe. Kikohozi au kifafa kirekodi video, maana mbele ya daktari mara nyingi hakitokei.

#8
Yote hayo ni kwa mnyama anayeweza kusubiri. Paka dume anayejikamua bila tone la mkojo, au mbwa aliyejaa tumbo anayetaka kutapika na hakitoki kitu, apelekwe kwa daktari aliye karibu sasa hivi. Bonyeza ufizi mpaka uwe mweupe, achia: rangi isiporudi ndani ya sekunde 2, usipoteze muda. Na njiani paka asipewe parasetamoli, hata kipande. Inamuua.