Mfumo umesema baba yangu ni mwanamke

Wanajamvi, nimetoka hospitali sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa dirisha la pili mnamjua. Hakuna aliyewahi kuugua hapa Dodoma asiyemjua. Baba yangu ana miaka 71 na ndevu nyeupe zinazokaribia kitovu. Amepanda basi la alfajiri kutoka Bahi kwa sababu haja ndogo inamsumbua usiku kucha, na daktari ameagiza apimwe tezi dume. Yule bwana akaitazama kompyuta, mzee hakumtazama, kisha akatangaza mbele ya foleni nzima: "Kipimo kinakataa. Mfumo unaonesha mgonjwa ni mwanamke."

Mwanamke! Nilimsihi ainue macho azione ndevu, akanijibu kwamba yeye hafanyi kazi kwa ndevu, anafanya kazi kwa taarifa. Mtu alibofya vibaya siku ya kufungua faili, na tangu hapo bima inagoma, maabara haioni ombi, na daktari anasubiri majibu yasiyokuja. Foleni ilicheka hadi vichanga vikaamka. Mzee akaniuliza kwa Kigogo kama amesikia vizuri. Mwanamke, jamani!

Mzee wa Zabibu: Mkuu, hongera kwa kupata mama wa pili ukubwani. Usisahau kumpeleka kliniki ya wajawazito.

Binti Kizota: Acheni dhihaka. Mtoa mada, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mzee haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe. Andika barua.

Mtoa mada: Nimeambiwa kwamba mwenye nywila ya kubadilisha jinsia yuko semina hadi Jumatatu. Mpaka Jumatatu, baba ni mwanamke.

Upepo wa Kongwa: Wewe unalilia jinsia? Mke wangu ana mzio wa dawa za salfa, na mfumoni umeandikwa. Juzi umeme ulikatika, daktari akamwandikia salfa hiyo hiyo kwenye karatasi, na kilichotuokoa ni daftari la zamani alilokuwa nalo mkobani.

Msafiri wa Mpwapwa: Daftari hilo mnalolisifu, langu la kliniki ya presha lililiwa na mchwa pamoja na vipimo vya miaka sita, ikabidi daktari aanze kunipangia dawa upya. Kompyuta hailiwi na mchwa.

Upepo wa Kongwa: Ulilihifadhi wapi?

Msafiri wa Mpwapwa: Chini ya kitanda, ndani ya boksi la sabuni.

Upepo wa Kongwa: Basi mchwa hawana kosa.