Filamu ya Quantum of Solace haikuharibiwa na maji, jamani. Iliharibiwa na mkasi!

Wadau, salaam. Nimenyamaza sana juu ya jambo hili na leo yamenifika hapa. Tangu itangazwe mwaka 2025 kwamba Amazon ndiyo yenye usemi juu ya James Bond, na kwamba Denis Villeneuve ndiye atakayeongoza filamu ijayo, watu hapa Mombasa wamerudi kuzitazama zile za nyuma, na kila ukikaa barazani mjadala ni huo huo. Sasa wamezuka watetezi wa Quantum of Solace, ile Bond ya 2008. Wasema tuliionea. Wasema ni lulu tuliyoikanyaga bila kujua. Na wale wa upande wa pili, tangu 2008 hawajabadilisha neno: "Adui gani huyu, ati anaiba maji?"

Pande zote mbili zanikera, lakini hao wa pili ndio wanaonichoma. Mtu wa Mombasa, wa mji huu huu, acheke kwamba adui ataka maji! Wewe ambaye mfereji wako ukifunguliwa watoa pumzi tupu. Wewe unayengoja mwenye mkokoteni apite na mitungi, na ukisikia bomba limepasuka wajua bei itapanda kabla ya adhuhuri. Unaogea maji ya chumvi ya kisimani, ya kunywa na ya chai wanunua mbali. Kisiwa chetu kimezungukwa na bahari na hakina mto hata mmoja wa maji baridi. Tunayokunywa yatoka Mzima huko Tsavo, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mengine yatoka Baricho kando ya Mto Sabaki, mengine Marere na Tiwi upande wa Kwale. Mwenye kushika mabomba hayo ameushika mji mzima koo. Sasa niambieni, kati ya mzee mwenye mtambo wa leza angani na mtu aliyefunga chemchemi, nani akutishe wewe mkazi wa Likoni au Mikindani?

Kwa waliosahau kisa chenyewe. Dominic Greene, aliyechezwa na Mathieu Amalric, hujitangaza kuwa mtetezi wa mazingira. Kwa siri amsaidia Jenerali Medrano kupindua serikali ya Bolivia, na malipo anayotaka ni kipande cha jangwa tu. CIA, majasusi wa Marekani, wadhani chini ya jangwa lile mna mafuta, basi wamwachia afanye atakalo. Kumbe amechimba huko chini, amejenga bwawa la siri na kuyazuia maji ya ardhini huku juu watu wafa kwa kiu. Halafu mle hotelini amwekea jenerali mkataba mezani: kuanzia leo maji ya nchi yako utayanunua kwangu, kwa bei maradufu. Zaidi ya asilimia 60 ya maji ya nchi iko mkononi mwake. Jenerali mwenyewe, muuaji asiyejua huruma, aikodolea macho ile bei!

Hana kovu usoni, hana paka wa kumpapasa, hana kisiwa chenye roketi. Ana karatasi ya kutia saini. Hakuna adui katika filamu hizi zote anayefanana na dunia ninayoishi mimi kuliko huyu.

Na msiseme ni ndoto za waandishi. Bolivia hiyo hiyo, mji wa Cochabamba, mwaka 1999, huduma ya maji ilikabidhiwa kampuni ya Aguas del Tunari, ambayo nyuma yake ilikuwako Bechtel ya Marekani. Mwaka 2000 bili zikapanda, wengine zikawafika maradufu, watu wakamiminika barabarani. Serikali ya Hugo Banzer ikatangaza hali ya hatari, kijana wa miaka 17 akapigwa risasi akafa, na mwezi wa Aprili ule mkataba ukavunjwa. Hayo ni ya kweli, na yalitokea miaka kabla ya filamu kutengenezwa. Walipewa kisa ambacho kingewatoa watu jasho kutoka Cochabamba hadi Kisauni.

Wakakifanya nini? Wakakikatakata!

Dakika 106. Casino Royale ya 2006, Bond iliyoitangulia, ilikuwa na dakika 144, na hakuna aliyelalamika kuwa ni ndefu. Ikumbukeni ile mbio ya mwanzo, inayosemekana ni Madagascar hapa jirani yetu ingawa walipigia picha Bahamas. Bond na yule mtu anayechezwa na Sébastien Foucan wapanda hadi juu ya kreni, na kila sekunde wajua nani yuko wapi, nani akiteleza ataangukia wapi. Roho yako yaenda juu kwa sababu macho yako yaona. Sasa weka Quantum. Magari yafukuzana Italia, Aston Martin yararuliwa, na wewe umekaa pale huoni kitu! Gurudumu, jicho, bunduki, vumbi, mlango, tayari wamekufa. Siena vivyo hivyo, mashindano ya farasi yamechanganywa na mbio za kwenye mapaa mpaka hujui unatazama lipi. Kama umepiga picha mahali pazuri namna ile, kwa nini unikataze kupaona?

Najua mtanijibu kuhusu mgomo. Ndiyo, waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, na kamera za filamu hii zilianza kazi Januari. Daniel Craig mwenyewe, aliyemcheza Bond, alikuja kusema kwamba yeye na mwongozaji Marc Forster walilazimika kuandika matukio kwa mikono yao, na kwamba yeye si mwandishi. Sawa, nimesikia, na Craig simlaumu, uso wake ndio ulioibeba filamu ile. Lakini tiketi walituuzia kwa bei ya filamu iliyokamilika! Wangengoja. Nani aliyekuwa akiwafukuza?

Watetezi mwanipa ile ya opera kule Bregenz, Austria, kila siku. Nakubali bila kinyongo. Wakubwa wa genge la Greene wamekaa katikati ya watazamaji, wazungumza kwa vidude vya masikioni, Tosca yaendelea jukwaani, Bond awaingilia mazungumzo, mmoja mmoja ainuka na kamera yake yamnasa sura. Ni kazi ya mikono iliyotulia, na ndiyo inayonipandisha hasira zaidi, kwa kuwa yaonyesha walijua kufanya. Camille, mwanamke anayeandamana na Bond, aliyechezwa na Olga Kurylenko, pia namkubali. Ana kisasi chake mwenyewe na hakuletwa pale kumpamba Bond. Lakini Mathis je? Rafiki wa tangu Casino Royale afia mikononi mwa Bond, kisha atupwa kwenye pipa la taka na filamu yaendelea mbio kama hakuna aliyekufa. Na yule msichana Fields, jasusi mwenzake Bond, aliyezamishwa kwenye mafuta, ishara nzito sana ile, ya kuwafanya watu wazidi kuamini ni mafuta yanayotafutwa. Tulipewa dakika ngapi za kumjua ili tumlilie?

Kosa ambalo silisamehe ni la kijijini. Bond na Camille watoka kwenye shimo la jangwani walimoangukia, wapita mahali watu wamekusanyika na vyombo vyao, na maji yakatika mbele ya macho yao. Sekunde kadhaa. Basi! Watu wale ndio filamu yenyewe, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina, hakuna mama aliyeulizwa mwanawe amekunywa nini tangu asubuhi. Hata jangwa lenyewe si la Bolivia, walipiga picha Chile, na meya wa Sierra Gorda aliingiza gari lake katikati ya upigaji picha kupinga ardhi ya Chile kuitwa Bolivia. Wabolivia walikuwa kisingizio tu cha magari kulipuka.

Kisha 2015 ikaja Bond nyingine, Spectre, ikamalizia maziko. Greene na wenzake wote wakafanywa vijana wa Blofeld, adui mkubwa wa Bond, ati mambo yote yale yalikuwa kinyongo cha utotoni dhidi ya Bond. Mkataba wa maji ya nchi nzima, ukageuzwa ugomvi wa nyumbani!

Kwa hiyo ninaloomba liko wazi. Villeneuve ndiye aliyetengeneza Dune, ulimwengu ambao tone la maji ni uhai wa mtu, na alitupa nafasi ya kulihisi jangwa. Mikono yake yaweza. Wampe adui wa aina ya Greene, na wamwache akae mezani na mkataba wake, polepole, mpaka tuutambue.

Na nyinyi mnaoiita lulu, nijibuni hili moja, msikimbilie opera. Greene aachwa jangwani na kopo la mafuta ya gari, Medrano auawa, hoteli yaungua, halafu tunapelekwa Kazan kwenye theluji kumalizia habari za mkufu wa Vesper, mpenzi wa Bond aliyekufa katika Casino Royale. Lile bwawa je? Nani alilibomoa? Wale watu wa kijijini walifunguliwa maji yao lini?