Mwiba umenikwama kooni, naombeni ushauri kabla sijapasuliwa

Mtu wa Buza: Wakuu, juzi usiku nilikuwa nakula sato na ugali, kitu kikanichoma kooni, mpaka leo kumeza mate ni kazi. Nimeshameza matonge bila kutafuna na ndizi mbili, wapi! Hospitali naogopa watanichana shingo. Kuna mzee Mbagala anavuta miiba kwa mkono, kesho naenda.

MamaTatu: Pole baba. Mimi wa kibua ulinikwama nikiwa na mimba, bibi akanipiga ngumi ya mgongo ukashuka. Vijana mnakula macho kwenye simu.

Glovu Mbili: Nafanya kazi chumba cha endoskopi, kile cha kamera za kuchungulia ndani ya mwili. Acha matonge, unakizamisha. Mwiba ukiwa kwenye tonsili daktari anamulika anautoa kwa koleo, ukiwa chini unapewa usingizi mpira wenye kamera unapitia mdomoni, basi. Ila chenye ncha hakitakiwi kulala humo hata saa 24, umio ukitoboka ndio kisu kinahusika. Una homa? Na una uhakika ni mwiba?

Mtu wa Buza: Homa kidogo. Sasa... sio mwiba. Ni jino la bandia, lina viwaya viwili, lilichomoka na tonge. Mchumba hajui kama nina pengo na mahari tumeshatoa, yule mzee angalau haandiki faili.

Chumvi ya Mawe: 😂😂 Mzee atavuta jino au atavuta mahari?

Babu Kitabu: Marekani kulikuwa na daktari Chevalier Jackson, alitoa pini, mifupa, vifungo, vitu zaidi ya 2,000, vingi bila kuchana mtu, vipo makumbusho ya Mütter kule Philadelphia. Alikuwa anavitunza vyote.

Mzee wa Kuchunguza: Chai hii. Mchana mwiba, jioni jino, na mwenye waya kooni anachapa aya. Weka eksirei.

Glovu Mbili: Chai au si chai, plastiki ya jino haionekani kwenye eksirei, waya ndio unaonekana. Nenda usiku huu, usile, usinywe.

Mtu wa Buza: Nipo mapokezi. Waya umeonekana, umejikunja kama ndoano, wanaandaa kamera. Mchumba kaja na uji kwenye chupa, nesi anamuuliza mgonjwa ana meno mengine ya bandia?

Chumvi ya Mawe: Kajibuje?