Mifupa ya Ziwa Roopkund: je, wimbo wa mvua ya mawe ulisema kweli?

Mpenda Ramani:
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nasoma habari za Roopkund, ziwa dogo lililo kwenye kimo cha meta 5,000 hivi chini ya mlima Trisul, katika jimbo la Uttarakhand nchini India, ambako mwaka 1942 mlinzi wa misitu alikuta mifupa ya watu wengi imetapakaa majini na ukingoni. Wenyeji wana wimbo unaosimulia kwamba mfalme wa Kanauj alikwenda kuhiji akifuatana na wacheza ngoma, mungu wa kike Nanda Devi akachukizwa na anasa zile, akawateremshia mvua ya mawe magumu kama chuma. Yasemekana wanasayansi wameuthibitisha wimbo huo. Ni kweli?

Fuvu la Kale:
Kuthibitisha ni neno zito, ila wimbo una mashiko. Watafiti waliopanda huko mwaka 2004 walikuta baadhi ya mafuvu yana mipasuko mifupi yenye kina, wala hawakuona majeraha ya aina hiyo sehemu za chini za mwili. Adui mwenye silaha hupiga popote anapopata nafasi, na maporomoko huvunja miguu na mbavu. Alama za namna ile huachwa na kitu cha mviringo kinachodondoka wima. Umri wa mifupa ulikadiriwa kuwa wa karne ya 9, na kwenye kimo kile haioti miti ya kujikinga chini yake.

Bint Zuhura:
Kwa heshima, ndugu yangu ameishia pale ambapo kisa kinaanza kuwa kigumu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya vinasaba vya watu 38 wa ziwa hilo. Kati yao 23 walikuwa na asili ya Asia Kusini, nao hawakufa siku moja, kwa kuwa tarehe zao zimetawanyika kati ya karne ya 7 na ya 10. Wengine 14 walikuwa na asili ya mashariki mwa Mediterania, wakikaribiana zaidi na watu wa Ugiriki bara na Krete, na walikufa mnamo mwaka 1800, yaani takriban miaka elfu moja baadaye. Mmoja alitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Hakuna ndugu wa damu waliotambuliwa miongoni mwao, wala vijidudu vya maradhi ya mlipuko. Kwa hiyo wimbo, hata tukiukubali, unaweza kuwahusu baadhi tu ya wale 23.

Mpenda Ramani:
Ahsante sana, dada. Hao wa Mediterania je? Nimeona mahali wakiitwa wazao wa askari wa Aleksanda Mkuu.

Bint Zuhura:
Hapana. Aleksanda aliingia India mwaka 326 kabla ya Kristo, na ukoo uliokaa huko zaidi ya miaka 2,000 ungekuwa umeshachanganyika na wenyeji, jambo ambalo vinasaba vya hao 14 havionyeshi. Hata kemia ya mifupa yao inaonyesha kwamba chakula chao kilitofautiana na cha wale wa kwanza.

Fuvu la Kale:
Nimekubali marekebisho hayo. Kwa wale wa kwanza, maelezo ya hija bado yana nguvu, maana maandamano ya Nanda Devi Raj Jat, ambayo kwa desturi hufanyika kila baada ya miaka 12, hupita karibu na ziwa lenyewe. Kwa hao wa mwaka 1800 hatuna hata wimbo, na hilo ndilo linalonishangaza kuliko mvua ya mawe: kundi la wageni kufia mlimani katika zama ambazo watu waliandika barua na kumbukumbu nyingi, pasipo kupatikana hata mstari mmoja unaowataja. Kuchimba nako hakusaidii sana, kwa kuwa barafu, mawe yanayoporomoka na wapandaji waliookota mifupa kama ukumbusho vimevuruga kila kitu, kiasi kwamba huwezi kusema fuvu hili lililala juu ya lile. Isitoshe, waliopimwa ni 38 tu, na mabaki yaliyopo ziwani yanakadiriwa kuwa ya mamia ya watu.